Hamira Yote: Shajara ya Kuandaa Nyumba kwa Pasaka, 2025

Jumapili, 16 Machi

Sikukuu yetu ya Purimu imekwisha juzi Ijumaa, na leo nimefungua daftari. Zimebaki siku 27 hadi Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, usiku wa Sederi, mlo wa kufungulia Pasaka yetu ya Kiyahudi. Miaka iliyopita nilikuwa mkono wa pili: mavyaa anaamuru, mimi nafuta. Mwaka huu magoti hayamruhusu tena kuinama, akanikabidhi funguo za stoo mbele ya watoto na kusema, "Mwanangu, nyumba ni yako, anza." Kwa hiyo naandika, nisije nikasahau kilichofanyika na kilichobaki.

Nieleze kazi yenyewe kwa asiyeijua. Wana wa Israeli walipotoka Misri hawakungoja unga uumuke. Kwa kukumbuka hilo, siku saba katika nchi ya Israeli na siku nane kwetu tulio nje, Myahudi hali kitu kilichochacha kutokana na nafaka tano: ngano, shayiri, rai, oti na speliti, ile ngano ya kale. Hicho ndicho kiitwacho hametsi. Unga ukiguswa na maji ukaachwa dakika 18 bila kushughulikiwa, tayari umehesabiwa kuwa umechacha. Matsa, mkate wetu usiochacha, hukandwa na kuokwa ndani ya muda huo. Lakini hametsi haikatazwi kuliwa tu. Hairuhusiwi hata kuwa mali yako wala kuonekana nyumbani mwako. Hapo ndipo chakula kinapogeuka kuwa mradi wa nyumba nzima.

Mwaka huu una ugumu wake: mkesha wa Pasaka unaangukia Sabato. Ilitokea hivyo mara ya mwisho 2021, na haitarudi hadi 2045. Mambo mengi yatatangulizwa siku moja au mbili. Nimeyaandika kwa kalamu nyekundu jaladani.

Hesabu ya stoo leo: unga wa chapati kilo nne na nusu, unga mweupe pakiti moja na nusu, tambi pakiti tatu, oti za uji wa watoto, biskuti za aina nne, siki ya kimea, sosi ya soya (ina ngano ndani, watu wengi hawajui), bia tano, hamira vipakiti sita. Kuanzia leo hakuna unga unaonunuliwa. Tunakula akiba.

Jumatano, 19 Machi

Chapati siku ya tatu mfululizo. Unga umeshuka hadi kilo tatu.

Jumapili, 23 Machi

Vyumba vya kulala, nguo, gari.

Nilianza na mifuko ya nguo kwa sababu mavyaa alinifundisha kwamba hametsi haitembei yenyewe, hubebwa. Koti la kijana mkubwa: karatasi ya biskuti, tupu. Sweta ya shule ya mdogo: kipande cha mandazi kigumu kama kokoto. Mkoba wangu mwenyewe, ule wa kitambaa niendao nao sokoni, kwenye pindo la chini kulikuwa na chenga za mkate zilizojishona na uzi. Niliugeuza ndani nje, nikautia majini.

Gari lilinichukua saa mbili na nusu. Kiti cha mtoto nilikitoa chote. Chini ya kifungo cha mkanda, mahali ambapo kidole hakifiki, palikuwa na tabaka la makombo ya mahamri yaliyoshikana kwa sukari, meusi pembeni, rangi ya asali katikati. Nilitumia kijiti cha mshikaki na kitambaa cha maji ya moto. Nilipomaliza nikakaa kwenye kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi, nikamkumbuka mama yangu kule Mombasa akitandaza kitambaa juu ya beseni la unga usiku, ili asubuhi ukute umeumuka. Mimi dini hii niliingia ukubwani. Mahamri ya mama sikuyaacha, ila kwa siku hizi nane nayaweka mbali nami, na kuyaweka mbali huko nakufanya kwa moyo mmoja.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ni habari ya ugali, maana kila mgeni huuliza.

Mahindi si mojawapo ya zile nafaka tano, kwa hiyo unga wa sembe si hametsi. Lakini Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa karne nyingi wamejizuia pia kula kundi liitwalo kitniyoti: mchele, maharagwe, dengu, kunde, ufuta, na baadaye mahindi. Wasefaradi wengi, wale wa asili ya Uhispania, hula mchele wao bila shaka yoyote. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya tapo la Kiyahudi liitwalo Conservative huko Marekani iliwaruhusu Waashkenazi wake pia. Wazee wa mume wangu waliingia Kenya wakitokea Ujerumani miaka ya 1930, na desturi yao hawakuibadili. Mke hufuata desturi ya nyumba aliyoolewa. Basi siku nane hakuna wali wa nazi, hakuna maharagwe, hakuna ugali.

Ila kitniyoti haiuzwi wala haichomwi. Inafungiwa kabatini tu, hailiwi. Tofauti hii ni kubwa na nimeiandika kwenye mlango wa kabati lenyewe, kwani mwaka jana nilitoa gunia zima la mchele bila sababu.

Kinachobaki ni kingi mno kwa mtu aliyekulia pwani: muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, nazi, samaki, mayai, maembe. Nimekwisha kumwambia mavyaa kwamba usiku wa pili wa Sederi kutakuwa na samaki wa kupaka. Akauliza, "Kuna unga humo?" Nikamwambia, "Hamna, Mama. Tui, ukwaju, kitunguu saumu na ndimu." Akaridhika.

Jumatano, 2 Aprili

Sitaandika mengi, mikono inauma. Tangu Jumapili, siku ya kwanza ya mwezi wa Nisani, nimeshusha mapazia yote, nimeosha madirisha, nimesugua dari ya ukumbini kwa ngazi. Usiku nalala nikihesabu vitu.

Leo jioni mavyaa alinikuta juu ya ngazi. Akasimama na mkongojo wake chini yangu.

"Unafanya nini huko juu?"

"Nasafisha taa, Mama."

"Mtu gani alikula mkate kwenye taa?"

Nikashuka. Akanikalisha, akaniambia ninachokiandika hapa kama alivyosema: "Vumbi si hametsi. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria zetu) inasema mahali pasipoingizwa hametsi hapahitaji kutafutwa. Wewe unafanya usafi wa nyumba, na usafi ni mzuri, lakini usiuite Pasaka. Ukifika Sederi umechoka kama mtumwa, utaimbaje kwamba umetoka utumwani?"

Maneno hayo yameniingia. Nimechukua orodha yangu ya kazi 41, nikauliza kila mstari swali moja tu: hapa chakula hufika? Zimebaki 17. Mapazia yaliyobaki yatasubiri Mei.

Jumapili, 6 Aprili

Sasa jiko.

Kanuni ni kwamba chombo hutoa kilichokiingia kwa njia ileile kilivyokiingia. Kilichoingia kwa maji ya moto hutoka kwa maji ya moto. Kilichoingia kwa moto mkavu hutoka kwa moto. Ukishaielewa hiyo, nusu ya maswali unajijibu mwenyewe.

Oveni: imesuguliwa hadi mafuta yote yametoka, imekaa saa 24 bila kutumika, kisha imewashwa kwenye moto wa juu kabisa kwa saa nzima. Vyuma vya juu ya jiko la gesi pia vimepita motoni. Wavu wa kuchomea nyama nimeupeleka uani kwenye jiko la makaa, nikapepea hadi ukawa mwekundu na kutoa cheche. Hiyo ndiyo libuni ya kweli, yaani kutakasa kwa moto, na nashukuru kwamba jiko la makaa nimelijua tangu utotoni, maana watu wa mijini hutafuta mashine ya kuchomelea vyuma kwa kazi hiyo.

Kikaango cha chapati hakiwezekani. Moto unaohitajika ungekipinda. Kimewekwa kwenye kabati la vitu vya kufungiwa.

Chungu cha mama yangu, kile cha udongo alichonipa nilipoolewa, nacho kimeingia kabatini. Udongo haukosheki. Torati yenyewe inasema chombo cha udongo kilichopikiwa huvunjwa, kile cha shaba husuguliwa na kusuuzwa. Hatukivunji, tunakifungia tu. Nilikifunga kwa kanga kabla ya kukiweka.

Mbuzi ya nazi imenipa furaha: haijawahi kugusa kitu chochote zaidi ya nazi. Nimeisugua, nimeikausha juani, itatumika. Mwiko wa zamani una ufa, umeenda kabatini, nimenunua mpya.

Jumanne, 8 Aprili

Hagala, yaani kuvitakasa vyombo kwa maji yanayochemka, imekamilika leo, siku moja nyuma ya ratiba. Vyombo vinatakiwa kukaa saa 24 bila kutumika kabla ya kuchemshwa. Nilianza kuhesabu Jumapili usiku. Jana alasiri baba watoto akapasha maziwa ya mdogo katika sufuria mojawapo, akidhani imekwisha kutakaswa. Hakukosea kwa uzembe. Mimi ndiye sikuweka alama. Tukaanza kuhesabu upya, na safari hii nilifunga utepe mwekundu kwenye kila kitu ambacho hakijapita.

Leo saa kumi tulianza, mimi na kijana mkubwa. Sufuria kubwa la alumini, lile la shughuli, lilijaa maji hadi karibu na ukingo. Hapa nizisifu sufuria zetu: hazina mikono wala ribiti, hakuna pembe inayoficha uchafu, zinazama zote na kutoka zote. Vijiko na uma tulivitumbukiza kimoja kimoja kwa wavu wa kuchujia, maana vikigusana maji hayafiki kila mahali. Kikitoka kinaenda moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi.

Mwisho ni sufuria lenyewe, kwa sababu ukingo wake wa juu maji hayajaugusa. Njia ni ya zamani sana. Kijana wangu alikuwa ameweka jiwe kwenye jiko la makaa tangu tulipoanza, jiwe la ukubwa wa embe dodo. Nililishika kwa koleo, nikalitumbukiza ndani ya maji yaliyokuwa yakichemka. Maji yakalia, yakapanda kwa ghafla, yakafurika ukingo wote kuzunguka na kuzima moto nusu. Mvuke ulitufunika uso. Mavyaa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, alipiga makofi. Akasema baba yake alifanya hivyo hivyo, na jiwe.

Jumatano, 9 Aprili

Makabati ya Pasaka yamefunguliwa, vyombo vimetoka. Meza ya jiko ya mawe imemwagiwa maji ya moto.

Nimejaza fomu ya kumpa rabi, kiongozi wetu wa dini, idhini auze hametsi yetu. Tunamuuzia asiye Myahudi kwa mkataba wa kweli, pamoja na kumkodisha mahali ilipo, kwa sababu hametsi iliyobaki mali ya Myahudi Pasaka nzima haifai tena kutumiwa baadaye. Kabati la chini limebandikwa utepe: bia, siki, hamira, kikaango, chungu.

Dada anayetusaidia kazi ameniuliza kuhusu mkate wake. Nimemweleza kwamba kilicho chake ni chake, chumbani kwake ale apendavyo; sheria inatushughulikia sisi na mali yetu. Mwaka huu Pasaka yake inaangukia tarehe 20 Aprili, siku yetu ya nane, hivyo ataondoka mapema kwenda kwao kabla ya Ijumaa Kuu. Tumekubaliana siku zake na nauli.

Alhamisi, 10 Aprili, usiku

Kwa kawaida utafutaji wa hametsi hufanywa usiku wa kuamkia mkesha. Kwa kuwa kesho kutwa ni Sabato na mshumaa haubebwi, tumeutanguliza hadi leo. Kijana mkubwa, kifungua mimba wangu, alikwenda asubuhi sinagogi na baba yake. Saumu ya vifungua mimba nayo imesogezwa hadi leo, na kama ilivyo desturi waliifungua kwa karamu ya kumaliza somo la Talmudi.

Tulizima taa zote saa moja na robo. Mshumaa mmoja wa nta, unyoya wa kuku, kijiko cha mti, mfuko wa karatasi. Watoto walikuwa wameficha vipande 10 vya mkate vilivyofungwa vizuri, ili utafutaji usiwe wa bure, na mahali pa kila kimoja niliwaandikisha. Nilisoma baraka mimi, kwa kuwa kazi mwaka huu ni yangu. Baraka hiyo inataja kuondoa hametsi, haitaji kutafuta. Kuanzia hapo hatukuzungumza ila la kazi.

Kwa mwanga wa mshumaa nyumba yako mwenyewe huijui. Unaona kona moja tu kwa wakati mmoja, na hiyo kona unaiona kweli. Vipande 10 tulivipata kwa robo saa. Nikaendelea. Kwenye kibaraza cha viatu nilisogeza begi la shule la mdogo ambalo nilikwisha kulikagua mara mbili mchana. Mshumaa ulipolimulika kwa ubavu nikaona mfuko mwembamba wa zipu nyuma, upande unaogusa mgongo. Ndani kulikuwa na biskuti nzima, haijavunjika hata kidogo. Tulificha 10, tumepata 11.

Kisha nikasoma maneno ya kuibatilisha, na hapa niandike kilichonipata. Miaka yote nimekuwa nikimsikia mavyaa akiyasema kwa Kiaramu, haraka haraka. Leo niliyasoma mwenyewe, neno kwa neno: *kol hamira*. Hamira! Neno lile lile ninaloliandika kwenye karatasi ya kwenda dukani, neno lililozaa mahamri. Limetufikia kupitia Kiarabu, na Kiarabu na Kiaramu ni ndugu. Nikaendelea: *libatil*, ibatilike. *Ke-afra de-ar'a*, kama vumbi la ardhi. Hamira, batili, ardhi. Nilisimama gizani na kijiko mkononi, nikahisi nimesemeshwa na mtu wa kwetu.

Ijumaa, 11 Aprili, saa saba mchana

Hametsi imechomwa uani, kabla ya saa tano na nusu. Vipande 10, biskuti, kijiko na unyoya. Maneno ya mchana ya kubatilisha hatukuyasema leo. Yanangoja kesho, maana bado tuna mikate midogo 12 ya milo ya Sabato, imefungwa kwenye mfuko mmoja, juu ya kiti kimoja, barazani.

Jambo la saa. Sheria inasema hametsi huliwa hadi mwisho wa saa ya nne ya mchana, na ya tano ikiisha lazima isiwepo. Saa hizo huhesabiwa tangu jua lichomoze. Mume wangu kila mwaka hutafuta jedwali na kukokotoa. Nilimwambia, hii ni saa yetu. Saa ya Kiswahili huanza na jua. Hapa karibu na ikweta mchana na usiku hulingana, saa ya sheria na saa ya ukutani ni karibu kitu kimoja mwaka mzima. Siku hizi Nairobi jua linachomoza saa 12 na nusu asubuhi, basi mwisho wa saa ya nne ni saa nne na nusu. Mtu wa London hawezi kulisema hilo.

Jikoni ni Pasaka tupu sasa. Supu iko motoni. Mayai yamechemshwa, shingo ya kuku imechomwa. Haroseti, mchanganyiko mtamu wa meza ya Sederi, nimeitengeneza kwa tende, tofaa, njugu na divai. Kilichobaki: kuoga na kuwasha mishumaa.

Jumatatu, 14 Aprili, usiku

Sabato na siku mbili za mwanzo za sikukuu zimepita, kalamu imeruhusiwa tena. Naandika la Jumamosi kabla halijapoa.

Sala ilikuwa mapema. Saa tatu tulikuwa barazani, sahani za karatasi, kila mtu na mkate wake, watoto wameketi juu ya mkeka mmoja na wameambiwa wasiinuke. Walikula polepole, wameinama juu ya sahani kama watu wanaosoma. Mdogo alilamba kidole na kuokota kombo la mwisho bila kuambiwa. Saa nne na dakika tano tulimaliza. Nikakung'uta nguo zao palepale, nikakunja mkeka kwa ndani, nikafagia vigae, na makombo yote nikayatia chooni nikayavutia maji. Sabato hairuhusu kuchoma.

Mavyaa alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza na kitabu chake. Aliniambia nisome mimi. Alinikumbusha pia kwamba maneno haya si sala, ni tamko, na anayetamka lazima aelewe anachosema. Asiyejua Kiaramu aseme kwa lugha yake.

Nikafunga kitabu. Nikasema: "Kila hamira na kila kilichochacha kilichomo katika milki yangu, nilichokiona na nisichokiona, nilichokiondoa na nisichokiondoa, kibatilike, kisiwe na mwenyewe, kiwe kama vumbi la ardhi."

Nilipofika "nisichokiona" nilikumbuka ule mfuko wa zipu, nikakumbuka na mingine ambayo huenda ipo na sitaijua, na mabega yakashuka. Mavyaa akaitika, "Amina," kisha akaniomba nimshike mkono aingie ndani. Ilikuwa bado mapema, saa nne na nusu haijafika.